Vitano, Hesabu Tena

Basi la maktaba limeingia Vardø saa nane mchana,
na saa nane mchana ni usiku.
Funga mlango, Ante, baridi haibishi hodi.
Nimekuletea vyote vitano. Faini sidaiwi,
ila waandishi hawa nawadai usingizi,
au wao wananidai mimi. Tukae tuhesabu.

Hiki: msichana kafa ukurasa wa tatu,
jina lake tukalipata ukurasa wa tisini.
Jaladani wameapa sitaweza kukiweka chini.
Nilikiweka chini mara saba.
Nilichemsha viazi, nikampigia dada yangu simu,
nikakwangua barafu mlangoni,
nikirudi binti yu pale pale,
nywele zimechanwa, kama pambo la mezani.
Miaka thelathini na mmoja nimeosha maiti katika nyumba ya wazee.
Hakuna maiti alalaye hivyo.
Taya huanguka, unalifunga kwa kitambaa,
na unamwambia, “Samahani, Aslaug, nakugeuza sasa,”
maana aliyekufa naye hubishiwa hodi.
Mwandishi huyu aliingia na viatu.

Cha pili kina mpelelezi mlevi.
Mke kamkimbia, mwana hamsemeshi,
naye anakunywa kama mchanga.
Mwondolee chupa: chini ya lile koti hamna mtu.

Cha tatu, muuaji nilimjua mapema,
ni yule aliyejitolea sana kutafuta.
Kikulacho ki nguoni mwako, mtoto anajua,
lakini mpelelezi alizunguka miji minne
akipekua nguo za wenzake.

Cha nne ni giza. Giza nene, giza totoro, giza kama wino,
mpaka nikamhurumia giza mwenyewe.
Huyu kaandika akikaa penye taa za barabarani.
Sisi jua hutuaga Novemba, likaturudia Januari,
na katikati tunanunua maziwa,
tunagombana juu ya maegesho,
watoto wanateleza na sleji chini ya taa ya shule.
Giza halitishi, Ante.
Kinachotisha ni dirisha la jirani lisilowashwa.
Angeandika hilo tu, mengine akaniachia.

Na cha tano. Ah, cha tano!
Hakuna aliyekufa. Hakuna damu, hata ya pua.
Mjane anakuta ufunguo wa ghala
kwenye msumari wa tatu, na siku zote hukaa wa pili.
Basi. Kurasa mia mbili na kumi, ufunguo na msumari.
Anaoka mkate, anautazama. Anafua, anautazama.
Niliinuka usiku na soksi zangu
nikaenda kukagua misumari yangu mwenyewe,
nikausogeza ufunguo wa banda la mashua, ule wa marehemu Torleif,
halafu sikukumbuka: nimeusogeza, au nimeurudisha?
Wengine wote walinitisha kwa mtu aliye nje.
Huyu alinitisha kwa mkono wangu.
Kurasa kumi za mwisho nimeziacha makusudi.
Kitendawili kikishateguliwa, watoto huenda kulala.

Ante anahesabu. Anahesabu tena.
“Viko vinne, Solbjørg.”
Natia mkono mfukoni: glavu, miwani, pipi za kikohozi.
Nafungua mkoba. Nafunga mkoba.
Anageuka polepole kwenye rafu,
anachomoa kitabu chembamba, jalada la kijivu.
“Hiki ulikirudisha kabla jua halijaondoka.
Ulinisimulia ufunguo na msumari. Ulikuwa umekimaliza.
Ulilia kidogo, nikakupa kahawa.”

Kahawa ile naikumbuka. Ilikuwa na sukari nyingi mno.

Nje, kwa akina Ragnvald, dirisha halijawashwa,
au ni mapema bado, sina saa.
“Niandikie tena, basi.”
Anaandika. Kalamu yake inakwaruza.
“Na mwisho wake, Ante, nilikwambia?”
“Uliniambia.”
“Usiniambie.”